Jiwe la Mfukoni mwa Abel

Mudathir mwenye duka alikuwa mtu wa kuingia kwa kelele. Kabla hajafika kwenye kibanda cha Patriki, fundi simu wa stendi ya Katesh, watu wote walikuwa wameshajua anakuja, maana alianza kumwita tangu kwa wauza viazi: Profesa Nusu, shahada imefika au bado iko njiani? Siku hiyo aliingia kimya. Akavua kofia, akasubiri Patriki amalize kukaza skrubu ya simu ya mteja, halafu akatoa kitambaa na kukifungua juu ya meza, katikati ya betri na vioo vilivyopasuka.

Ndani ya kitambaa kulikuwa na jiwe la kujaa kiganja cha mtoto, limejiviringisha kama pembe ya kondoo dume.

Patriki aliliangalia tu. Mikono yake ilibaki kwenye simu.

"Vijana wangu wamelikuta leo kwenye msingi wa nyumba ninayojenga, kule Gendabi," Mudathir alisema. "Wao wanasema konokono. Nikawaambia hapana, hili nalijua. Hili marehemu alikuwa..." Akajikatiza. "Hili Abel alikuwa analiweka kwenye kaunta yangu kila akitafuta ufunguo wa baiskeli."

Hakujikatiza bure. Katika familia ile neno marehemu lilikuwa bado halijaruhusiwa. Abel alikuwa mume wa Hilda, dada mkubwa wa Patriki. Desemba ile, tope lilipobomoka kutoka mlima Hanang na kuwashukia watu alfajiri ya Jumapili, Abel alikuwa peke yake nyumbani Gendabi. Hilda na mtoto walikuwa Endagikot wanamuuguza mama. Nyumba ilikutwa imelala, imejaa tope mpaka kwenye kenchi. Ikachimbwa yote. Abel hakuwemo, wala koti lake la kazi halikuwemo, lile la kijani ambalo halikuwa likitoka msumarini ila kwa kupanda mgongoni kwake. Kwa hiyo alikuwa ametoka. Ametoka kwenda kuangalia ng'ombe, au kuamsha majirani, au vyote viwili, hakuna aliyejua.

Tangu hapo walishachimba mara tatu kwa tetesi. Mara ya kwanza ilionekana kandambili, ikawa ya mtu mwingine. Mara ya pili mfupa, ukawa wa ng'ombe. Mara ya tatu mtu aliota ndoto. Kila mara Hilda alikuja kutoka Endagikot, akakaa ukingoni mwa shimo na shuka jipya mapajani, la kumfunikia mume wake, na kila mara alirudi nalo limekunjwa vilevile. Baada ya ile ya tatu hakuongea na mtu wiki nzima. Hapo ndipo Nikolausi, kaka mkubwa wa Abel, aliposema imetosha. Jumamosi wangezika suti ya Abel ya kanisani ndani ya jeneza, padri angesoma misa, na msiba ungeisha kama misiba ya watu wengine inavyoisha. Hilda alimjibu mbele ya wazee, kwa heshima, macho chini.

"Shemeji, mimi niliolewa na mtu. Sikuolewa na suti."

Wazee wakasema itakuwa Jumamosi, awepo asiwepo. Na siku Mudathir alipofungua kitambaa ilikuwa Jumatano.

"Mahali mlipolitoa," Patriki aliuliza, "mmepawekea alama?"

"Nimechomeka mti. Nilijua utauliza."

Patriki alifunga kibanda, akawasha pikipiki.

Jiwe lile halikuwa la Hanang. Hanang ni mlima uliotapika moto. Chimba Gendabi utakavyochimba, utapata majivu, mawe meusi, na majivu tena. Lile lilikuwa amonaiti, mnyama wa baharini, ndugu wa mbali wa pweza, aliyekuwa akiishi ndani ya gamba la kujiviringisha na akaisha duniani kabla mtu wa kwanza hajazaliwa. Patriki aliokota mawe saba kama lile mkoani Lindi alipokuwa chuoni mwaka wa tatu, anasoma jiolojia. Walipelekwa fildi kwenye korongo moja ambalo kuta zake zilikuwa zimepangana kama chapati kwenye sahani, tope la bahari juu ya tope la bahari, na kila tabaka lilikuwa na amonaiti wake. Mwalimu wao alikuwa mkali. Jiwe lisilojulikana tabaka lake, alisema, kapigieni msumari ukutani.

Patriki aliyapenda yale mawe. Kilikuwa kitu cha kwanza maishani alichokipenda bila kukifanyia mzaha. Ila mzaha wenyewe haukumwacha. Wiki ya mitihani alichonga pembe ya mbuzi, akaipaka udongo, akaichanganya na sampuli za idara, na mhadhiri mmoja mwenye heshima zake akaisimamisha mbele ya darasa na kuipa jina la Kilatini. Wenzake walicheka mpaka wakaumwa mbavu. Yeye alipumzishwa mwaka mmoja, na mwaka ule haujaisha mpaka leo.

Alirudi nyumbani na begi la mawe, na wa kwanza kuonja mzaha wake alikuwa shemeji yake. Abel alikuwa mchimba visima. Siku moja alipopanda juu kula mchana, Patriki akashuka kwenye kisima akalifukia jiwe moja, akalishindilia kwa kisigino. Abel alilikuta jioni. Alitoka shimoni na udongo mpaka kwenye kope, hakupita nyumbani hata kunawa, moja kwa moja kwa Katekista Yohanes. Jumapili katekista aliliinua jiwe mbele ya kigango kizima, akasema mnaona wenyewe, hata Gendabi gharika ya Nuhu ilifika. Mama mmoja alilia. Patriki alikuwa benchi la nyuma, ameuma kola ya shati.

Siri ilipotoka kila mtu alicheka, na katekista mwenyewe akacheka, ingawa kwa shida kidogo. Abel peke yake alinyamaza. Siku kadhaa akipishana na Patriki njiani anamsalimia tu na kupita. Halafu jioni moja alikuja, akaketi, akaliweka jiwe kati yao.

"Haya, umenipata," alisema. "Sasa nipe ukweli wake. Hili lilikuwa likikaa wapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Patriki swali hilo, hata huko chuoni. Akayatoa yote saba, akayapanga kwenye benchi kwa mpango wa korongo, kuanzia la tabaka la chini hadi la tabaka la juu. Akamshika Abel kidole akampitisha. La chini kabisa lilikuwa nene, na mbavu zake, ile mikunjo inayotoka kwenye kitovu cha gamba hadi ukingoni, zilikuwa nene pia na zimenyooka, moja moja. Ukipanda, mbavu zinakonda. Kwenye la tano, ubavu ukikaribia ukingo unaanza kupata ufa. Kwenye la sita ule ufa umeshuka, na kila ubavu unapasuka katikati ukawa mbili. Kwenye la saba unapasuka tatu, nyembamba kama uzi, na kitovu kimekaribia kufumba. Patriki alimweleza kwamba hawa si wanyama saba waliokutana njiani. Ni ukoo mmoja. Tope limewafunika kizazi baada ya kizazi, na kila lilipofunika waliofuata walikuwa wamebadilika kidogo.

Abel alirudia na kidole chake, peke yake, kutoka chini kwenda juu.

"Kwa hiyo huyu ni Babu," alisema.

Ndipo mawe yalipopata majina. Wa chini akawa Babu. Wa sita, mwenye mbavu za kupasuka mbili, akawa Kaka. Wa saba, wa mbavu tatu, akawa Kitindamimba. Abel alichonga ubao, akautoboa vishimo sita, akauweka dirishani, na kila jiwe likalala kwenye kishimo chake, Babu upande wa kushoto na Kaka mwisho kulia. Kitindamimba hakupewa kishimo. Mtoto wa mwisho, Abel alisema, habanduki kwa mzazi wake. Huyo akakaa kwenye mfuko wa koti la kijani, na alikwenda naye kwenye visima vyote vya Nangwa na Gendabi.

Utani wao ukahamia kwenye ubao. Kila Patriki akija kumtembelea dada yake, asingeondoka bila kuhamisha jiwe, la pili akaliweka kwa la tatu, la nne kwa la tano, halafu akaaga kama mtu mwema. Abel hakuwahi kusema kitu. Ila Patriki akirudi safari nyingine alikuta jiwe limerudi mahali pake, tena limelazwa kifudifudi. Kila jiwe lilikuwa na uso mmoja uliosafishwa na mgongo mmoja ambao bado umeng'ang'aniwa na mwamba. Mgongo ukiwa juu, maana yake ni nimekukamata.

Jumamosi, siku moja kabla ya tope, Patriki alipita Gendabi. Walikula ugali na maziwa mgando, wawili peke yao, wakamsema Hilda kwa kuwa hayupo. Abel alipotoka kwenda kufunga ndama, Patriki alifanya kitu ambacho hakuwahi kufanya. Aliingia kwenye mfuko wa koti pale msumarini, akamtoa Kitindamimba. Akamlaza dirishani kwenye kishimo cha Kaka, na Kaka akamtia mfukoni. Yale mawili yanafanana sana kwa mtu asiye na muda. Akaaga, akapanda pikipiki, akacheka peke yake mpaka Katesh.

Alfajiri yake mlima ukashuka.

Kwenye msingi wa Mudathir vijana walikuwa wamekaa kivulini, masururu chini. Patriki alishuka kwenye mtaro. Ukuta wake ulikuwa unasomeka hata kwa mtoto. Chini kabisa udongo mweusi wa shamba, na mabua ya mahindi bado yamesimama ndani yake, yamekatika yote kwa kimo kimoja. Juu ya hapo tope la mlima, rangi ya kijivu, limekauka kama saruji, na ndani yake mawe, matawi, kipande cha bati. Mti wa Mudathir ulikuwa umechomekwa pale pale mpakani, kati ya udongo mweusi na lile tope. Kwa hiyo jiwe lilikuja na tope la kwanza kabisa. Patriki aliinua macho kufuata mteremko. Juu kidogo kulikuwa na jabali kubwa jeusi, na juu zaidi, kwenye mstari huohuo, kiwanja kilichokuwa cha nyumba ya dada yake.

Aliomba maji na akatoa mswaki mfukoni, ule wa kusafishia simu. Akaliosha jiwe taratibu. Upande mmoja mbavu zilikuwa zimesagika njiani, zimebaki alama tu. Aliligeuza. Akaweka ukucha kitovuni, akaufuata ubavu hadi katikati. Ukapasuka. Akahesabu, akahamia ubavu wa pili, akazunguka gamba lote.

"Tatu," alisema. "Ni Kitindamimba."

Mudathir alishusha pumzi. Akawageukia vijana wake na kuwaambia waanze kuchimba upande wa kulia wa mti, pole pole, wasipige sururu kwa nguvu. Patriki akamshika mkono.

Akamweleza. Siku ile aliondoka Kitindamimba yuko dirishani. Kama Abel hakugundua ule utani, basi jiwe hili limekuja na ukuta wa nyumba, limeviringishwa na tope kama bati na matawi, na Abel anaweza kuwa popote kuanzia hapo mpaka ziwani huko chini. Kama aligundua, alimrudisha Kitindamimba mfukoni, mfuko uko kwenye koti, na koti liko kwa Abel.

"Tuchimbe tu," Mudathir alisema. "Hata akikosekana, hasara yangu."

"Si hasara yako. Nikisema tuchimbe, dada anakuja na shuka."

Mudathir aliwaashiria vijana wasubiri. Alikuwa amelibeba lile shuka mara ya tatu, Hilda aliposhindwa kusimama.

"Sasa nani wa kutuambia?" aliuliza.

"Ubao," Patriki alisema.

Ubao ulikuwa Endagikot. Hilda aliutoa mwenyewe chini ya ukuta ulioanguka, siku ile walipochimba nyumba. Ulikuwa umefunikwa na tope kama mkate, huwezi kujua ndani kuna mawe mangapi au kama kuna hata moja. Watu walitaka kuuosha. Alikataa, akaufunga kwa khanga, akaondoka nao. Patriki hakuwahi kuomba kuuona. Tangu Desemba ile alikuwa hajashika jiwe. Mtu akimletea simu iliyoingia mchanga alikuwa anaitoa mchanga ule huku akiangalia pembeni.

Kesho yake mapema alipita Dareda, akapanda na barabara ya Dongobesh, ukungu unamlowesha kifua, na alipofika Endagikot mama alikuwa ameshatolewa nje kuota jua. Akampa shikamoo. Mama akamuuliza mbona asubuhi, kuna nini, na kabla hajajibu Hilda akatoka jikoni na ungo wa mahindi. Patriki alitoa jiwe, akaliweka juu ya mahindi.

Hilda hakuhitaji kuambiwa jina.

Alilishika muda mrefu. Akauliza limetoka wapi, Patriki akamwambia. Akauliza kwa nini basi hawachimbi. Patriki akamweleza na hilo, lote, mfuko, dirisha, na kicheko chake cha njiani mpaka Katesh. Alidhani atapigwa kofi. Hilda aliuliza kitu kimoja tu.

"Kwa hiyo wewe hujui kama alikukamata."

"Sijui, dada."

Hilda aliingia ndani akarudi na khanga, akaifungua mkekani. Tope lilikuwa limekauka likapata nyufa, lakini lilikuwa bado zima, na upande wa juu palikuwa na alama ya nyasi za dari.

"Hivi ndivyo nyumba yangu ilivyokuwa asubuhi ile," alisema. "Ukiosha, imekwisha. Sitakuwa nayo tena."

Patriki akasema hataosha. Atafungua kishimo kimoja tu, cha mwisho, cha Kaka. Kikiwa kitupu, maana yake Kitindamimba alikuwa humo na tope likamchukua, na hakuna la kuchimba. Kaka akiwa humo, maana yake kuna mtu alimtoa mfukoni na kumrudisha nyumbani, na huyo mtu ni mmoja tu.

Mama, ambaye watu walidhani anasinzia, alisema kwamba kujua ni bora, na kwamba Hilda amshikie mdogo wake ubao usitikisike.

Basi Hilda alishika. Patriki alitandaza vifaa vyake vya simu, bisibisi ndogo kuliko zote, sindano, brashi. Akatafuta ncha ambayo Abel aliikata pembe kuonyesha upande wa Babu, akahesabu kwa kidole kwenda ncha nyingine. Akaanza kukwangua. Tope lilitoka unga, kidogo kidogo, na kila unga ulipojaa Hilda aliupuliza mwenyewe, kwenye kiganja, akaumwaga kwenye kona ya khanga. Hakutaka hata huo upotee. Kuku walikuja wakafukuzwa. Mtoto wa Hilda alikuja akaambiwa akacheze.

Sindano iligota kwenye kitu kigumu.

Patriki alipiga brashi. Akainama. Kulikuwa na jiwe, ndiyo, lakini halikuwa na ubavu hata mmoja. Lilikuwa la kahawia, lina vipele, halina umbo. Jiwe lolote la mlimani, lililoingia kwenye kishimo kitupu. Aliendelea kupiga brashi kwa sababu mkono haukujua cha kufanya kingine. Hakumwangalia dada yake.

"Mbona umenyamaza?" Hilda aliuliza.

Ndipo alipoona ukingo. Kile cha kahawia kilikuwa kinazunguka, kinazunguka vizuri mno, hakuna jiwe la mlimani linalozunguka hivyo. Na rangi ile aliijua. Mwamba wa Lindi. Alikuwa anaangalia mgongo.

Alichomeka kucha mbili, akalinyanyua, akaligeuza. Uso ulikuwa safi kama siku aliyousafisha. Ubavu ulitoka kitovuni, ukafika katikati, ukapasuka. Mbili. Wa pembeni yake, mbili.

"Kaka," alisema. Akakigusa kishimo. "Dada, amelazwa kifudifudi."

Hilda aliujua ule mchezo. Miaka yote alikuwa akifuta vumbi dirishani na kukatazwa kugeuza mawe. Aliangalia jiwe mkononi mwa mdogo wake, akaangalia kishimo, mahali ambapo vidole vya mume wake vilikuwa vimemlaza Kaka usiku ule wa mwisho, huku kwa vyovyote akicheka peke yake, akisubiri shemeji arudi aone.

"Alikukamata," alisema.

Akasimama, akaenda kuchukua shuka.

Nikolausi alikuwa wa kwanza kufika kwenye msingi mchana ule, na alifika na hasira. Alimwambia Patriki kwamba familia imechoka kuchezewa, kwamba jeneza limeshachongwa, na kwamba yeye Patriki ni wa mwisho kuaminiwa kwenye jambo la kufukia na kufukua, gharika ya Nuhu kila mtu anaikumbuka. Patriki hakujitetea. Alimpa Kaka mkono mmoja na Kitindamimba mkono mwingine, akamwonyesha mbavu, akamweleza kishimo.

"Kwa hiyo," Nikolausi alisema mwishoni, "unataka nichimbe kwa sababu jiwe limelala kifudifudi."

"Ndiyo, kaka."

Nikolausi aliyarudisha mawe. Akasimama akiangalia mlima, ambao siku ile ulikuwa wazi, umetulia, na ule mkwaruzo mrefu ubavuni. Halafu akavua koti lake, akalitundika kwenye mti wa Mudathir, akachukua sururu.

Walichimba kwa kufuata mpaka, pale udongo mweusi ulipokutana na tope, wakipanda kuelekea kwenye jabali. Patriki alikuwa mbele, anasoma ukuta. Hapa tope limepiga na kupita, aliwaambia, hapa limezunguka jabali, kwa hiyo nyuma ya jabali lilipunguza nguvu, na kitu kizito kingeachwa hapo. Alisikia sauti yake mwenyewe na ikamshangaza, maana ilikuwa sauti ya yule mwalimu mkali.

Ilikuwa nyuma ya jabali. Rangi ya kijani ilitoka kwanza, kipande cha kiganja. Mudathir aliwaondoa vijana wake bila neno, akawapeleka mbali, na Nikolausi akaweka sururu chini na kuendelea kwa mikono. Mfuko wa koti ulikuwa umechanika kwa chini. Mkononi, au palipokuwa mkono, palikuwa na kamba ya ndama. Alikuwa ametoka kufungua ndama.

Hilda alishuka shimoni mwenyewe. Hakuna aliyemzuia. Alilikunjua shuka, likamfikia mume wake.

Polisi na daktari wa wilaya walikuwa na yao ya kufanya, kwa hiyo Jumamosi ilipita, na Abel akazikwa Jumanne, kwenye kiwanja cha juu ambapo tope halikufika. Watu walijaa. Katekista Yohanes aliongoza sala kabla padri hajafika. Jeneza liliposhushwa, Hilda alimwita Patriki kwa kichwa, akamwekea Kitindamimba mkononi.

Patriki alishuka kaburini. Alisimama pale chini, kuta za kaburi zimemzunguka, na kwa mazoea macho yake yakasoma: majani, udongo mweusi, majivu ya mlima, mawe meusi, majivu tena. Watu walimsubiri aweke jiwe apande. Hakupanda. Alisema, si kwa sauti kubwa, kama anaongea na mtu aliye karibu.

"Shemeji, siku moja atakuja msomi hapa. Mwenye shahada nzima. Atachimba, atapata majivu, atapata majivu, halafu atakukuta wewe na amonaiti wa Lindi. Hatalala huyo mtu. Ataandika kwamba bahari ilifika Hanang."

Halafu kutoka juu, Katekista Yohanes, akiwa bado ameshika kitabu cha sala, akasema:

"Aje aniulize mimi. Nilishahubiri."

Kicheko kilianza nyuma, kwa wanaume, kikiogopa, kikaja mbele. Nikolausi alifunika mdomo. Hilda alicheka ndani ya khanga yake, mabega yanatikisika, na hapo hapo katikati ya kile kicheko kilio kikampata, kile ambacho hakikuwa kimetoka tangu Desemba. Wanawake wakamshika, na yeye akakubali kushikwa.

Patriki aliliweka jiwe juu ya jeneza, pale kifua kinapokuwa. Alishaushika ukuta apande, akarudi. Akainama, akaligeuza, mgongo juu.

Halafu akanyoosha mkono, na Nikolausi akamvuta.